Kasuku Aliyesema Hayupo

Unyoya wa kwanza Eveline aliukuta kizingitini, upande wa nje, wakati tundu la kasuku lilikuwa sebuleni kando ya kabati la vyombo, na madirisha yote yamefungwa kwa baridi ya Julai. Aliuokota, akaugeuza. Ulikuwa wa kijivu, shina lake lina damu mbichi. Mahali ulipolala palikuwa na tope, na mtaa wote wa Kihesa ulikuwa haujaona tone la mvua tangu Aprili.

"Atakuwa paka," alijiambia, akisahau kwa makusudi kwamba mtaa haukuwa na paka tangu mzee Eliezeri alete mbwa wake.

Kasuku huyo alikuja na Rabson, mdogo wake wa mwisho. Wenzake hurudi kutoka machimbo ya Makongolosi na dhahabu, au na hadithi ya dhahabu. Rabson alirudi na begi, kikohozi na ndege. Akaingia chumba cha nyuma, akakaa humo. Hata kunyoa hakutoka.

Ndege alikuwa na neno moja tu. Mtu akipiga hodi, yeye hujibu kwa sauti kavu ya mwanamke wa makamo: "Hayupo." Kisha huingiza mdomo kifuani, huvuta unyoya mmoja, hulia kidogo kama mtoto aliyefinywa. Kifua chake kilikuwa kimebaki ngozi ya waridi, kama kuku aliyetoka kwenye maji ya moto.

Neno lenyewe ndilo lililomuuma Eveline. Miaka yote ya utumishi wake alikuwa mpokea wageni katika ofisi moja ya serikali, ambayo haina haja ya kutajwa kwa kuwa zote zina mlango. Kazi yake ilikuwa kuketi mbele ya mlango wa bosi na kuwaambia wananchi kwamba bosi hayupo, huku bosi akisikika ndani akitafuna mihogo. *Hayupo. Ametoka kikazi. Njoo kesho.* Alikuwa na sauti yake maalumu ya kusema hivyo, tambarare kama meza, na hakutokea mwananchi aliyewahi kuipita. Siku ya kustaafu alipewa cheti, blanketi na hotuba. Akaapa kimoyomoyo kwamba nyumbani kwake neno hilo halitasikika. Atakayebisha hodi atakaribishwa, hata akiwa mkusanya michango.

Na sasa hili.

"Dada Eve," Sabina, mwenyekiti wa jumuiya, alimwambia baada ya ibada, "juzi tumefika kwako tisa, na Biblia zetu na chupa ya chai. Tumefukuzwa kama wauza sufuria."

"Alikuwa ndege."

"Ndege," Sabina alisema polepole. "Haya."

Eveline akaanza kuchunguza. Aligundua kwamba alasiri fulani, ukungu ukishuka kutoka kwenye mawe ya mlimani, kasuku hukaza macho mlangoni na kusema "Hayupo" bila mtu yeyote kupiga hodi. Au bila hodi aliyoisikia yeye. Baada ya hapo huja harufu ya mwamba uliopasuliwa, baruti na maji yaliyolala. Asubuhi inayofuata unyoya uliotoka kifuani mwa ndege, ndani ya tundu lililofungwa, unakutwa nje juu ya tope, umelazwa vizuri kama stakabadhi.

Watu wa kwao hawana imani kubwa na majini. Majini ni mambo ya pwani, husema. Yakija Iringa yatakufa kwa nimonia. Eveline alimshuku Rabson kwanza.

"Umeiba nini huko?"

"Sijaiba kitu, dada."

"Polisi wanakutafuta?"

Rabson alikuwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni. "Ingekuwa polisi, ningelala," alisema.

Ndege naye alikonda. Eveline hakumpenda, lakini hakuweza kula huku kiumbe kikijichuna kipande kwa kipande mbele ya sahani yake. Akaenda kwa afisa mifugo wa kata, kijana aitwaye Gideoni.

"Mama, kasuku si mfugo," Gideoni alisema. "Kiserikali huyo ni mnyamapori."

Ofisi ya wanyamapori ikamwambia kwamba ndege akiwa porini ni wao, akiwa tunduni na anaumwa ni mifugo. Eveline aliwasikiliza kwa furaha ya siri, kama mwalimu mstaafu anayesikia wanafunzi wakighani somo lake bila kukosea. Mwishowe Gideoni akaja kwa pikipiki, rasmi kukagua kuku, ambao Eveline hakuwa nao.

Ila kazi yake aliijua. Alifunua mbawa, akatazama ngozi kwa tochi ya simu. "Utitiri hana. Ngozi haina ugonjwa. Huyu ana hofu, mama. Kasuku akiogopa au akiwa mpweke hujinyonyoa. Mpe matawi mabichi atafune, mnyunyizie maji ya vuguvugu, asishinde peke yake." Akagonga meza. "Hodi!"

"Hayupo," alisema kasuku, akavuta unyoya.

"Umeona? Ni hilo neno. Mbadilishie. Akisema 'karibu', mpe karanga. Akisema lile lingine, geuka, usimjibu."

Mlango wa chumba cha nyuma ulifunguka kidogo. "Dada," Rabson alinong'ona, "usimbadilishie."

"Kwa nini?"

Rabson alimtazama afisa, akatazama sare yake, akafunga mlango.

Hilo ndilo lililomfanya Eveline akate shauri. Mtu asiyetaka kutaja sababu yake mbele ya serikali, aliwaza, ana sababu mbaya. Akanunua karanga.

Agosti haijaisha, kasuku alikuwa na vinyoya vipya kifuani kama sindano, na neno jipya kwa sauti ya Eveline mwenyewe, tamu na ya ukarimu: "Karibu, pita ndani." Sabina alipita ndani. Alikunywa chai vikombe viwili, akamsamehe kila mtu. Kizingiti kikakaa siku nyingi bila tope, na Eveline akaanza kudhani kwamba sayansi imeshinda.

Kisha alasiri moja ukungu ulishuka mpaka ukafunika choo cha nje, na Rabson akatoka chumbani kwa mara ya kwanza, akasimama sebuleni na blanketi lake.

"Anasema nini siku hizi huyo ndege?"

"Anasema karibu, kama watu."

Akakaa chini, sakafuni. "Dada, sikiliza basi. Duarani, kule shimoni tunakochimba, hodi hupigwa kutoka juu, mtu akitaka kushuka. Siku ile ilipigwa kutoka ndani ya mwamba. Mbele yetu, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuchimba. Sauti nzuri, ya mtu mwenye adabu. Nilikuwa na Ezron, yule wa Tukuyu. Unajua alivyolelewa. Akaitikia 'karibu'."

"Halafu?"

"Vilibaki viatu vyake. Halafu ikaniulizia mimi. 'Rabson yupo?' Nikashindwa kupumua. Kasuku wa mpishi alikuwa ametundikwa mdomoni mwa shimo. Mama huyo mpishi alikuwa amemfundisha kuwafukuza wanaomdai. Ndege akasema hayupo. Ikaondoka." Rabson alifuta uso. "Nilimwomba mpishi anipe ndege. Ndege mwenyewe alishaanza kujinyonyoa siku ileile. Ile haiondoki bure, dada. Lazima anayeikatalia aipe kitu cha mwilini mwake."

"Ungeniambia."

"Ungeniamini?"

Harufu ile ilikuwa imeshajaa chumbani, na hodi ikapigwa.

Ilitoka chini, usawa wa kizingiti, kama mtu aliyesimama ndani ya shimo refu na kuegemeza kidevu kwenye ukingo wake. "Hodi," ilisema kwa heshima. "Rabson yupo?"

"Karibu, pita ndani," alisema kasuku kwa sauti ya Eveline, akainua mguu kusubiri karanga.

Komeo likaanza kusogea lenyewe, taratibu, chuma juu ya chuma, na chini ya mlango tope likaingia ndani kama ulimi likilamba sakafu aliyoipiga deki asubuhi, na Rabson akajikunja na kuziba masikio, na Eveline akatafuta sala, sala yoyote, hata ile fupi ya chakula, asiione, mpaka mahali pa sala pakajitokeza kitu kingine, cha zamani zaidi na kilichozoeleka zaidi, ambacho hakikuhitaji imani wala ujasiri.

"Hayupo," alisema.

Ilikuwa ile sauti ya meza.

Komeo likasimama.

"Nimesikia karibu," ilisema kwa upole.

"Huyo si msemaji wa nyumba hii. Mwenye nyumba ni mimi. Rabson hayupo. Ametoka kikazi."

 Ndege akashusha mguu bila karanga.

"Atarudi lini?"

"Haijulikani," Eveline alisema, na kabla akili haijaufikia ulimi, miaka ya utumishi ikaumalizia. "Njoo kesho."

Kule chini kitu kilivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo. "Asante, mama," ilisema. "Nitakuja kesho."

Tope likarudi nje. Rabson alikuwa akimtazama dada yake kwa namna ambayo hajawahi kumtazama.

"Dada. Umeiambia nini?"

 Kichwa kilikuwa kinamuuma Eveline upande mmoja. Alipotazama mkono wake wa kulia, vidole vilikuwa vimeshika nywele tatu za mvi, na mizizi yake.

Mchungaji aliitwa, akaomba vizuri sana. Ile ilikuja kesho yake kama ilivyoahidi, ikasubiri mpaka amina ya mwisho na mchungaji akaondoka, ndipo ikapiga hodi. Wananchi wa Eveline walikuwa wakichoka baada ya safari ya nne au ya tano. Huyu hakuonyesha dalili ya kuchoka.

Septemba Gideoni alipita kuchukua picha za kasuku, apeleke wilayani kama mfano wa mafanikio. Ndege alikuwa amependeza: kifua kimejaa, mkia mwekundu kama kaa la moto. Eveline alikuwa na kilemba kizito kilichoshuka mpaka kwenye nyusi, ambazo nazo zilikuwa zimepungua.

"Hodi," sauti ikasema kutoka chini ya mlango.

Gideoni, kijana mwenye malezi, alifungua kinywa kuitikia. Eveline akakiziba kwa kiganja, kinywa cha mtumishi wa umma aliye kazini.

"Hayupo," alisema kuelekea mlangoni. "Njoo kesho."

Alipomwachia, mkono wake ulikuwa tayari umeingia chini ya kilemba. Gideoni alisikia kitu kikikatika, kidogo sana, kama uzi.

"Nani huyo, mama?"

"Mgeni wa Rabson."

Katika chumba cha nyuma mtu alikohoa. Gideoni alimtazama kasuku, akamtazama Eveline, na kwa sababu alikuwa mtaalamu mzuri akajua anachokiona.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "hilo neno. Ungelibadilisha."

"Najua dawa yake," Eveline alisema. "Karanga zipo."

Akampa ndege karanga moja, akamsindikiza afisa hadi mlangoni. Gideoni alikanyaga kando ya tope, akaruka kitu kilichokuwa kimelazwa juu yake, cheupe, kimezungushwa vizuri kama uzi wa kushonea. Nyuma yake kasuku alimuaga kwa sauti ile tamu ya mama mwenye nyumba, akimkaribisha tena, apite ndani.