Aliyebonyeza "Idhinisha"

Kila jioni, kengele ndogo ya shaba ilipolia katika chumba cha ibada, Hiral alijua kwamba baba yake hangetoka humo kwa muda wa nusu saa. Bwana Kamlesh alikuwa na desturi yake. Alinawa mikono na miguu, akaiacha simu juu ya kabati la viatu nje ya mlango, kisha akaingia kufanya puja, ibada yake ya Kihindu ya kila siku. "Mungu hapigiwi simu," alizoea kusema. Katika nyumba yao ya mtaa wa Hurlingham, hakuna aliyeruhusiwa kuigusa simu hiyo.

Hiral aliigusa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na bado hakuwa amenunuliwa simu yake mwenyewe. Namba ya siri ya baba yake alikuwa ameiona mara nyingi akiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari. Basi alijikunja kwenye kochi, akacheza mchezo wa kupanga vito hadi puja ikaribie kwisha, kisha akairudisha simu palepale, kioo kikiangalia chini kama alivyoikuta.

Kamlesh alikuwa na karakana mtaani Riruta iliyotengeneza vitanda vya ghorofa kwa ajili ya shule za bweni. Mwaka huo aliweka mfumo mpya wa kompyuta, na aliyeusimamia ni Bwana Kisilu, mchoraji wa ramani za vitanda hivyo. Mfumo ulifuata maisha yote ya kitanda: mchoro wake, vyuma vyake, bolti zake, siku kilipochomelewa, shule kilikopelekwa, hadi siku kitakapouzwa kuwa chuma chakavu. Lenox, kijana mchomeleaji aliyekuwa bado anasubiri kitambulisho cha taifa, aliwachekesha wenzake.

"Oneni hiki kitanda," alisema. "Kimezaliwa leo na tayari kina namba. Mimi serikali bado hainijui!"

Kanuni ilikuwa moja. Mchoro haukubadilishwa mpaka Kamlesh mwenyewe aidhinishe. Ombi lilimfikia kwenye simu, naye alimwuliza Kisilu kwanza, kisha akajibu.

Jioni moja ombi liliingia wakati wa puja, likaufunika mchezo wa Hiral. Macharia, mnunuzi wa karakana, alikuwa amekosa bolti nene madukani; aliomba zitumike nyembamba. Hiral hakuyasoma hayo. Aliona vibonyezo tu. Alibonyeza "Baadaye", ombi likaondoka, likarudi. Akabonyeza "Kataa", mfumo ukamtaka aandike sababu. Sababu hakuwa nayo. Akabonyeza "Idhinisha", na vito vyake vikaonekana tena.

Kisilu wakati huo alikuwa Nyeri, akipima mabweni ya shule iliyotaka vitanda. Asubuhi karakana ilipata mchoro mpya wenye jina la Kamlesh, na mafundi wakafanya kazi kama walivyoelekezwa.

Muhula uliofuata, katika bweni la shule moja, bolti nyembamba zilikatika, na kitanda cha juu kikamwangukia mvulana aliyelala chini yake. Alivunjika mtulinga, ule mfupa unaotoka shingoni hadi begani.

Kamlesh hakupoteza wakati. Mfumo ulimwonyesha kila kitanda chenye bolti zile na shule kilikokuwa, naye akavitoa vyote mabwenini kwa gharama yake. Lakini swali moja lilibaki, nalo lilimkosesha raha. Idhini ilikuwa imetolewa saa ya puja.

"Hiral, beta, mwanangu," alisema wakati wa chakula. "Kuna mtu aliyewahi kuigusa simu yangu nikiwa kwenye ibada?"

Hiral alikata kipande cha chapati. "Hapana, Papa."

"Una hakika?"

"Mimi huwa nafanya kazi ya shule saa hiyo."

Kamlesh aliitikia kwa kichwa polepole. Alimwamini. "Basi ni Kisilu," alisema. "Ndiye aliyeniwekea mfumo, na namba yangu ya siri ya kuuingia anaijua; angeweza kuingia hata akiwa Nyeri. Aliona karakana itasimama kwa ajili ya bolti, akajifanya mimi."

Kesho yake Kisilu alifukuzwa kazi.

Hiral alijiambia kwamba mtu hodari kama yule hangekosa kazi. Hakuijua Riruta. Karakana za huko zimepakana ukuta kwa ukuta, na habari huruka kutoka moja hadi nyingine pamoja na cheche za moto.

Janice, binti wa Kisilu, alisoma darasa moja na Hiral. Walikuwa wameketi pamoja tangu Gredi ya Nne. Wakati wa mapumziko Hiral alimkuta peke yake nyuma ya maktaba.

"Sasa, Janice."

"Usinisalimie."

"Nimefanya nini?"

"Wewe? Hakuna. Ni baba yako. Anawaambia watu kwamba baba yangu ameiba namba ya siri. Juzi alienda kuomba kazi mahali. Unajua walimfanyia nini? Mmoja akapiga kelele, 'Fungeni kompyuta, Kisilu amefika!' Wote wakacheka. Na yeye akasimama tu pale."

"Labda kompyuta ilikosea," Hiral alisema, sauti ikimpungua.

"Baba anasema haikosei hivyo. Kuna mtu aliyebonyeza." Janice alifuta pua kwa mkono wa sweta. "Sasa ameanza kujishuku mwenyewe. Jana alimwuliza Mama, 'Au nilibonyeza mimi nikasahau?' Baba yangu, Hiral! Mtu asiyesahau hata kipimo cha msumari."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo Hiral aliusikia kifuani siku nzima. Jioni kengele ya puja ilipolia, hakukaribia kabati la viatu. Alisimama mlangoni akangoja. Baba yake alipotoka, Hiral alisema kabla hajapata nafasi ya kuogopa.

"Papa, ni mimi niliyebonyeza. Nilikuwa nacheza na simu yako. Ombi lilinisumbua, nikataka liondoke."

Kamlesh hakupaza sauti. Alijikalisha kwenye kigoda cha kuvalia viatu.

"Nilikuuliza," alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Nilikuuliza mara mbili." Aliichukua simu kutoka juu ya kabati. "Kubonyeza, ulibonyeza kwa utoto. Lile 'hapana' ulilisema ukijua maana yake."

Jumamosi Kamlesh alimpeleka Hiral karakanani Riruta. Alikuwa amemwomba Kisilu afike, naye Kisilu alikuja, shati limepigwa pasi, akasimama karibu na lango bila kuingia ndani zaidi. Kamlesh aliamuru mashine zizimwe. Mafundi wote wakakusanyika.

"Sema," alimwambia binti yake.

Hiral alisogea mbele. "Anko Kisilu hakufanya kitu. Mimi ndiye niliyebonyeza 'Idhinisha'. Papa aliponiuliza, nilidanganya."

Lenox alianza kucheka, akaona uso wa Kisilu, akaacha.

Kamlesh aliunganisha viganja vyake mbele ya kifua. "Kisilu, nimekukosea mbele ya watu, nakuomba radhi mbele ya watu. Kuanzia leo hakuna mchoro utakaobadilishwa kwa idhini ya mtu mmoja. Rudi. Ofisi yako ipo vilevile."

"Nimekusikia, Bwana Kamlesh. Asante. Lakini sirudi."

"Kama ni mshahara—"

"Si mshahara. Nimekufanyia kazi miaka mingi. Siku uliponishuku, mtoto ulimwuliza mara mbili. Mimi hukuniuliza hata mara moja."

Kamlesh aliinamisha macho. Kisilu akamgeukia Hiral, akainama kidogo ili watazamane.

"Sikiliza, mama. Mfumo ule niliuweka mimi, naujua. Unalijua jina, kidole kilichobonyeza haukijui. Hapo mahali hubaki wazi, na ni mtu tu anayeweza kupajaza. Wewe ulinyamaza, wakapajaza kwa jina langu."

"Nisamehe, Anko."

"Nimekusamehe. Si rahisi kusimama mbele ya watu wazima ukasema ulivyosema. Lakini ujue hili. Ungesema siku ya kwanza, ungekaripiwa, mambo yakaisha, nami ningekuwa na kalamu yangu mkononi. Leo umesema kweli ileile, na imenirudishia jina tu. Kosa likitokea, liseme likiwa bado dogo, likiwa bado lako peke yako. Ukilificha linatafuta mtu mwingine wa kumbebesha."

Alimpa kila mfanyakazi mkono, Macharia kwanza na Lenox mwisho, kisha akatoka akishika njia ya Naivasha Road.

Ndani ya gari Hiral alilia. Baba yake alisubiri amalize, kisha akampa leso.

"Papa, atarudi baadaye?"

"Hapana."

"Lakini amesema ametusamehe."

"Amekusamehe, na anamaanisha," Kamlesh alisema, akiliwasha gari. "Kusamehe ni jambo moja, beta. Kurudi ni jambo jingine."