Dole Nisiloliweka

Mwezi wa tano, kijijini kwetu hubaki wanaume, kuku na watoto wa shule. Wanawake wote tunakuwa ng'ambo, kwenye mpunga.

Kijiji chetu kiko katika delta ya Rufiji, upande wa Maparoni. Mashamba yako ng'ambo ya mto. Mpunga ukianza kushika punje, ndege huja kwa maelfu. Ukiliacha shamba siku mbili tu, utakuta makapi. Kwa hiyo kila mwanamke huhamia kwenye dungu lake. Dungu ni kibanda kilichojengwa juu ya nguzo ndefu, katikati ya shamba. Humo unalala, unapika, na kutwa nzima unaamia ndege, yaani unawafukuza wasile mpunga. Mkono mmoja unashika teo la kurushia madonge ya udongo, mkono mwingine unageuza samaki motoni. Kazi hiyo inachukua miezi miwili.

Mimi naitwa Sijaona. Mume wangu alifariki zamani. Shamba langu ni ekari mbili. Nililifyeka mwenyewe nikiwa na mimba ya mwanangu Mshamu. Sasa Mshamu ni mtu mzima, ana mke na watoto. Yeye ni mvuvi, anakaa kijijini. Dada yake aliolewa Kibiti. Huyo dada ndiye mama yake Warda.

Mwaka 2003 Warda alikuwa chuo kikuu, Dar es Salaam, mwaka wa pili. Alikuwa anasomea haki za binadamu na haki katika jamii. Majirani wakiniuliza mjukuu wangu anasoma nini, nilijibu kwamba anasoma haki. Jirani yangu Bi Sihaba, ambaye dungu lake liko karibu na langu, alishangaa. Akasema kumbe haki inasomwa, mbona yeye tangu azaliwe anaiona inaombwa tu. Tukacheka.

Likizo ile Warda alikuja na kazi ya chuo. Mwalimu wao aliwatuma waende vijijini kwao, wasome muhtasari wa mkutano mkuu mmoja wa kijiji. Muhtasari ni karatasi inayoandikwa mambo yote yaliyoamuliwa mkutanoni. Kisha wawaulize waliohudhuria walisema nini. Basi Warda akaenda kwa mtendaji wa kijiji, akasoma, akanakili kwenye daftari lake. Halafu akavuka kuja kwangu.

Alipanda ngazi ya dungu, akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba. Nikamwambia, karibu mke mwenzangu, lakini hapa hakuliwi bure, shika teo. Akarusha mara tatu. Donge la tatu likagonga paa la Bi Sihaba. Bi Sihaba akauliza kwa sauti kutoka kwake kama huko chuoni wanafundishwa pia kuwapiga wazee.

Tulipokaa kula, Warda alifungua daftari.

"Bibi, kwenye mkutano wa tarehe kumi na mbili ulisema nini?"

"Mkutano gani?"

"Wa kijiji. Ule wa ardhi."

"Tarehe kumi na mbili nilikuwa hapa hapa," nilimjibu. "Tangu mwezi wa nne sijavuka."

Warda alinitazama. "Jina lako limo kwenye orodha ya waliohudhuria. Na mbele yake pana dole gumba."

Nikaweka chini tonge nililokuwa nimeshika. Mimi nilisoma hadi darasa la tatu. Si sana, lakini jina langu nalijua. Kadi ya kliniki, daftari la kijiji, fomu za shule za wanangu, kote nimeliandika jina kwa mkono wangu.

"Dole si langu," nikasema. "Mimi naandika."

Tukamwita Bi Sihaba. Naye jina lake limo, na dole lipo. Warda akasoma majina mengine. Yalikuwa ya wanawake hamsini na wawili. Wote tuliwajua, na wote siku ile walikuwa kwenye madungu yao.

Nikamwambia asome sasa kile tulichokubali. Akasoma. Mkutano umeridhia mwekezaji wa chumvi apewe ardhi kuanzia jangwa la pwani hadi kijito cha pili.

Jangwa tunalijua. Ni ile ardhi tupu ya chumvi ambayo hata nyasi haioti. Jangwa linaishia kwenye kijito cha kwanza. Kati ya kijito cha kwanza na cha pili ni mpunga wetu wote. Dungu tulilokalia lilikuwa humo. Na maji ya chumvi yakiingizwa pale, mpunga hautaota tena.

Bi Sihaba akasema taratibu, "Basi kumbe hapa naamia ndege kwenye chumvi ya mtu."

Warda alikuwa amekwisha kusimama. Alisema huo ni wizi na udanganyifu. Alisema kesho asubuhi atakwenda Utete wilayani, na wote waliobandika madole ya watu washitakiwe. Nilimwacha aseme mpaka akachoka. Kisha nikamuuliza, huko chuoni hawakuwafundisha kumsikiliza mtu kabla ya kumhukumu?

Akakaa.

"Hilo ndilo somo la kwanza, bibi," akasema.

"Basi tuanze nalo."

Asubuhi nilimwachia Bi Sihaba shamba langu, nikavuka na Warda. Tulimkuta Mshamu anashona nyavu nje ya nyumba. Warda alimwamkia mjomba wake. Mimi nikamuuliza kuhusu dole. Hakuficha hata kidogo.

Alisema dole aliweka yeye. Aliweka langu na la mkewe. Wanaume wote waliwawekea mama zao na wake zao, kama wafanyavyo kila mwaka. Mtendaji alisema watu hawatoshi kuhalalisha mkutano, na wao waliona hakuna haja ya kuwasumbua wanawake walio kazini. Kuhusu mpaka, alisikia neno chumvi, akajua ni jangwani. Hakuna aliyeuliza kijito cha pili ni kipi.

Nilipomwambia ni kipi, nyavu zilimponyoka mikononi. Lakini pia aliona uchungu.

"Mama, kwani mimi nimekuibia?"

"Hujaniibia, mwanangu. Umenisemea. Na mimi sijafa, wala si bubu."

Akainama. Nilimwona Warda anavyomtazama mjomba wake, na hasira ya jana haikuwemo tena.

Mshamu ndiye aliyemgeukia. "Haya, msomi. Sheria inasemaje?"

Warda alieleza polepole, na mimi nilishika kila neno. Alisema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka kumi na minane, mwanamke na mwanamume. Halmashauri ya kijiji haiwezi kumpa mtu ardhi kabla mkutano huo haujaridhia. Na katika ardhi, sheria inampa mwanamke haki ile ile anayopewa mwanamume. Dole ni kauli ya mtu. Huwezi kumwazima mwenzako kauli yako, na huwezi kuichukua ya mwenzako bila kumuuliza, hata kama unampenda.

"Sasa mkutano huo ulikuwa wa nani?" Mshamu aliuliza.

"Wa nusu ya kijiji, mjomba. Nusu nyingine mliiandika tu."

Mshamu alivaa shati, akatutangulia kwenda kwa mwenyekiti.

Mwenyekiti wetu, Mzee Nurdini, si mtu mbaya. Alitukaribisha, lakini alipomwona Warda na daftari alikunja uso. Alisema mwekezaji ameahidi mabati ya zahanati, na wakimzungusha atakwenda kijiji kingine. Karatasi ilikuwa tayari kwenye mfuko wa mtendaji. Jumatatu ingepelekwa wilayani. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Bi Sijaona," akasema, "mwanao aliweka dole. Kwetu mtoto wa kiume si ndiye mdomo wa mama yake?"

Warda akafungua kinywa. Kisha akanitazama, akakifunga. Mjukuu wangu alikuwa ameelewa kwamba swali lile lilikuwa langu.

"Mwenyekiti," nikasema, "mwekezaji akija na mashine zake, atakuta wanawake hamsini na wawili juu ya madungu, wana mateo mikononi. Utamwambia walikubali?"

Mzee Nurdini alikuna ndevu. Akamuuliza Warda kama kweli wilayani wangeikubali karatasi ile. Warda akamjibu kwa adabu kwamba ingeweza kupita, lakini siku yoyote mtu mmoja tu akisema hakuwepo, yote yataanza upya. Na hapo jina litakaloharibika ni la mwenyekiti. Afadhali mkutano urudiwe, watu waelezwe mpaka, kisha waamue.

Mwenyekiti akasema sawa, tusubiri mavuno. Nikamwambia ndege hawasubiri, na wewe karatasi yako haisubiri. Kama wanawake hawawezi kuvuka, wanaume wana mitumbwi. Mkutano uvuke.

Alicheka, akadhani natania. Akataka barua.

Tulirudi ng'ambo, wanawake tukakusanyika, na usiku haukuingia kabla barua haijaandikwa. Warda alishika kalamu tu. Maneno yalikuwa yetu, na kila alipoandika sentensi alitusomea, tukaikubali au tukaibadilisha. Tuliomba karatasi ile isipelekwe, na mkutano uitishwe upya, mashambani. Walioweza kuandika waliandika majina. Bi Sihaba hajui kuandika. Alichovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza, akasema, "Hili ndilo langu. Litazameni vizuri, lina kovu la mundu." Na kweli kovu lilionekana.

Barua ilimfikia mwenyekiti, na Jumatatu karatasi haikwenda wilayani. Tangazo lilibandikwa, na siku kumi baadaye mkutano ulivuka mto.

Sijawahi kuona siku kama ile. Wanaume walikuja na mikeka, mwenyekiti na kiti chake, mtendaji na mfuko wake. Walikaa kwenye tuta kubwa katikati ya mpunga. Wanawake tuliketi upande mmoja, na kila ndege waliposhuka, mmoja wetu alisimama, akarusha, akakaa tena. Mtendaji alisoma muhtasari wa zamani wote. Kisha, kwa ombi la Mshamu, watu waliinuka wakatembea hadi kijito cha kwanza, halafu cha pili, wakaona kwa macho. Wanaume wengi walirudi na mawazo mengine. Mashamba yale yanawalisha na wao.

Ubishi ulikuwepo. Wengine walisema tutakosa mabati. Mmoja alisema wanawake wamepandishwa vichwa na binti wa mjini. Warda alikaa nyuma kabisa, karibu na watoto. Hakujibu.

Mwenyekiti akaanza kuuliza nyumba moja moja, kama alivyozoea. Akamfikia mwanangu.

"Mshamu, mama yako anakubali?"

Mshamu alisimama. "Mama yangu yuko pale, mwenyekiti. Muulize mwenyewe."

Watu wote waligeuka. Magoti yangu yana maumivu, lakini siku ile yaliniinua upesi. Nilisema chumvi siikatai. Jangwa lipo, halina mpunga wala mtu. Mwekezaji akitaka aombe jangwa, kijito cha kwanza kisizibwe, na ahadi ya mabati iandikwe. Lakini kuvuka kijito cha kwanza, hapana. Mimi, Sijaona, sikubali. Nikakaa.

Baada yangu wanawake walisimama mmoja mmoja. Hakuna aliyesemewa. Mikono ilipohesabiwa, kauli iliyoshinda ilikuwa jangwa tu. Karatasi mpya ikapitishwa, kila mtu akaweka alama yake. Ilipofika kwangu niliandika jina langu taratibu, herufi kubwa, bila haraka.

Siku Warda alipoondoka, nilimuuliza atamwandikia nini mwalimu wake. Akaniambia alikuja akidhani atatuletea haki kutoka chuoni. "Kumbe kazi yangu ilikuwa kuwasomea karatasi, bibi. Kusema mlikuwa mnajua." Akasema pia kwamba siku ngumu kuliko zote kwake ilikuwa ile ya kumsikiliza mjomba wake bila kumkatiza. Nilimfungia kibaba cha mchele, nikamwambia akasome zaidi.

Mwekezaji alikubali jangwa. Zahanati imepata mabati. Mwaka ule nilivuna magunia kumi na moja. Kijiji kilipochagua Baraza la Ardhi la wajumbe saba, tulijua kwamba wasiopungua watatu lazima wawe wanawake, na Bi Sihaba ni mmoja wao. Hakuna tena anayeweka dole la mwenzake.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, nilisikia mtu anapanda ngazi ya dungu langu mapema asubuhi. Alikuwa Mshamu. Alivua viatu, akachukua teo kutoka mkononi mwangu.

"Mama, mkutano ni saa nne," akasema. "Mtumbwi uko pale chini. Wewe nenda. Ndege nitaamia mimi."