Safu ya Saa Moja

Chiriku alipima maji ya kisima mara mbili kwa siku, asubuhi kabla ya shule na mchana wakati wa mapumziko. Alishusha kamba yenye alama, akasoma kina, akaandika kwenye karatasi. Siku za zamu yake ya usafi shuleni, kaka yake aliyemaliza shule alipima badala yake. Baada ya mwezi mzima, msichana huyu wa darasa la sita, aliyepewa jina hilo kwa kusema sana, alikuwa amechoka hata kusema.

Kamati ya maji ilitaka kukifunga kisima kwa muda kila siku ili maji yajae tena, na ingechagua saa kwa kufuata vipimo vyake. Wakikosea, mama yake, anayefua mashuka hospitalini zamu ya usiku, angerudi asubuhi, aende kisimani na ndoo na kukuta kufuli.

Jumamosi, mtafiti wa maji alikuja shuleni kuwafundisha wanafunzi kutunza vipimo. Aliwagawia kadi na uzi.

"Kadi moja, jambo moja," alisema. "Kisima, kina, siku, saa, aliyepima. Mkiziunganisha kwa uzi, hata mgeni ataweza kufuata."

Chiriku alifungua daftari jipya. Alikuwa amenakili vipimo vyote kwa mwandiko wa kupendeza, safu moja ya saa 1 na nyingine ya saa 7. Karatasi za zamani, zenye matope, alizitupa.

Alipozihamishia namba kwenye kadi na kuziunganisha, mtafiti alifuata uzi, akakunja uso. "Mwanangu, mbona siku nyingine maji ni mengi mchana, watu wakiwa wameshachota, kuliko asubuhi?"

Chiriku alizitazama namba, akaelewa. Kaka alikuwa akinakili saa ya simu kama ilivyo. Asubuhi saa moja, simu huonyesha 7. Mchana saa saba, huonyesha 1. Naye, kwa kupenda unadhifu, alizipanga namba bila kuuliza.

Angeweza kugeuza zile zilizoonekana vibaya, na hakuna ambaye angejua. Alishika kalamu, kisha akaiweka chini. Alikuwa amechoka mno, na uongo nao unataka nguvu.

"Mwalimu, siku alizopima kaka zimegeuka," alisema. "Sijui ni zipi, maana zamu zetu hubadilika bila ratiba. Karatasi nilizitupa, na sikuandika nani alipima."

"Huwezi kukisia?"

"Siku za mvua vipimo vinakaribiana. Nitakosea."

Mtafiti alishusha pumzi, akampigia simu mwenyekiti wa kamati kumwomba wiki mbili zaidi. Chiriku nusura alie.

Walipima upya, yeye na kaka, wakigombana kwa usingizi. Kila mstari uliandikwa asubuhi au mchana, pamoja na jina la mpimaji. Safari hii karatasi chafu zilitunzwa. Hatimaye kamati ilifunga kisima mchana. Mama alirudi asubuhi kutoka kazini, akachota maji yake, akajitupa kitandani na viatu miguuni.

Mtafiti alikuja kuchukua vipimo.

"Neno moja tu, 'asubuhi', lingekuokolea wiki mbili," alimwambia Chiriku. "Andika kwa ajili ya mtu ambaye hutakuwepo kumweleza, na usitupe ulichoandika mwanzo."

"Na mwezi ule wa kwanza, tuuchane?"

"Hapana. Tutaufungia kadi yake kwa uzi." Akaandika taratibu, akamwonyesha: *Saa hazijulikani. Amesema mpimaji mwenyewe.* "Kwa sababu ya kadi hii, vipimo vyako vingine nitaviamini."