Mashimo Yaliyohamishwa

Walimkuta Cephas, msagaji wa unga pale Rangwe, amelala chali kando ya mashine, kifua kimevunjwa na puli ya chuma iliyochomoka. Ilikuwa asubuhi ya soko, mwaka wa 1994. Kabla ya adhuhuri Osoro, mwenye mashine, alikuwa amefika Homa Bay na panga mkononi, kwenye karakana ilikotobolewa sahani, yaani bamba la chuma la kushikia puli ile.

"Fundi Gisiri ndiye alipima! Nipeni yeye!"

Inspekta Rispa wa polisi, aliyekuja na sahani ile kutoka Rangwe, alimpokonya panga, akamketisha. Naye alikuwa na uchungu wake: Cephas aliimba kwaya kwenye harusi yake. Moyoni aliapa kwamba aliyesababisha kifo hicho atalipa.

Aliipangusa sahani kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Mistari myembamba ikajitokeza.

"Gisiri, nani alichora hii?"

"Mimi, Madam. Pale mistari inakatana ndipo nilipiga panchi, hiki chuma cha ncha cha kutia alama. Ratemo, huyu wa drili, akatoboa."

"Mimi natoboa penye alama iko," Ratemo alisema. "Drili haina macho."

Rispa aliinama. Mistari ilikuwa sawa kabisa, lakini mashimo yote manne yalikuwa yameihama, tena kwa upande mmoja. Mkono unaoteleza huenda huku na kule; haya yalihamishwa makusudi. Ndiyo maana bolti ziliingia vizuri, lakini puli ikazunguka nje ya katikati, ikatikisika hadi bolti zikakatika.

Shimo la tano lilichorwa, halikutobolewa. Hapo palikuwa na vidonda viwili vya panchi: kimoja cha mviringo penye makutano ya mistari, kingine kando yake, umbo la mwezi mwandamo.

"Kila mtu alete panchi yake," Rispa aliamuru. "Pigeni kwa hiki chuma."

Gisiri alipiga: mviringo. Ratemo akasita.

"Piga!"

Alipiga. Ukatokea mwezi mwandamo. Ncha ya panchi yake ilikuwa imemeguka.

Ratemo aliitupa nyundo, akamgeukia Osoro. "Unakumbuka soko la Migori? Ulinyoosha kidole kwa ndugu yangu, ukaita mwizi wa ng'ombe. Watu wakamchoma moto. Na ng'ombe wako akarudi mwenyewe jioni!"

Osoro alitazama chini. "Nilijua baadaye," alinong'ona.

"Hukuja hata kwa matanga! Halafu unaleta kazi hapa, hata sura yangu huijui. Nikasema, sasa Mungu amekuleta. Kila siku wewe ndiye huwasha hiyo mashine."

"Leo nilikuwa na homa," Osoro alisema. "Nilimwambia Cephas awashe."

Rispa alimfunga Ratemo pingu, akazikaza kuliko ilivyohitajika.

"Ndugu yako alichomwa bure," alimwambia. "Na Cephas je? Alikukosea nini?"

Rispa akamsimamisha mbele yake, akamgeukia Osoro.

"Na wewe pia simama, mzee. Ile kesi ya Migori haijawahi kuandikishwa. Leo tutaiandikisha."