Madume Wetu Wametaga

Chumba chetu cha mbele ndiyo karakana yetu ya kushona. Mimi nashona nguo za kike, mume wangu anashona suruali. Kuna vyerehani viwili, meza ya kukatia, pasi, na karibu na dirisha kuna tundu la ndege. Ndani yake tuliwaweka chiriku wawili wa kufugwa, wadogo, hawajazi hata kiganja.

Tundu hilo nusura livunje nyumba yangu, nawaambieni!

Aliyewanunua ni mume wangu. Walikuwa wachanga bado, midomo yao myeusi. Muuzaji alimwapia kwamba wote ni madume. Mume wangu naye akajifanya mjuzi.

"Tazama kifua hicho," aliniambia. "Tazama wanavyotembea. Hawa ni wanaume watupu! Wataimba, na hawatatujazia vifaranga."

Miezi ikapita. Midomo ikageuka rangi ya chungwa. Wimbo hatukusikia. Walitoa vilio vifupi tu, kama viatu vipya.

"Mbona hawaimbi?" nilimuuliza.

"Wanaona haya. Wateja ni wengi humu."

Jamani! Ndege aone haya!

Sisi mafundi hatukosi mabaki. Kila zilipobaki pamba na nyuzi, tuliwatilia tunduni wachezee. Wao wakazikusanya pembeni, wakajitengenezea kitanda kizuri. Asubuhi moja nikakuta yai humo, jeupe, dogo kama kifungo cha koti.

"Baba Watoto, njoo uone. Mwanaume wako ametaga."

Alilitazama yai, kisha akanitazama mimi. Mnajua alisema nini? Hakusema muuzaji amemdanganya. Hakusema amekosea. Alisema, "Umebadilisha ndege wangu!"

"Mimi?"

"Mimi nilileta madume. Nani mwingine anashinda humu?"

Damu ilinichemka. Miaka yote hii nalala naye kitanda kimoja, leo naitwa mwizi wa ndege! Nilimnunia. Chakula nilimwekea mezani bila hata kumwambia karibu.

Yai akalitupa. Likaja jingine, akalitupa pia. Kila alipotupa, mayai yakaja tena.

"Tusipowaachia mayai watachoka wenyewe," alisema.

Kuchoka, walichoka kweli. Siku moja nilimkuta mmoja ameshuka chini kabisa ya tundu. Manyoya ameyavimbisha, macho ameyafumba nusu, mkia unapanda na kushuka. Alikuwa anajikaza, na hakuna kinachotoka.

Binti yetu akaangua kilio. "Mama, anakufa!"

Bahati nzuri, jirani yetu daktari wa mifugo alikuwa amekuja kujaribu sketi yake. Sketi hakuigusa. Alikwenda moja kwa moja kwenye tundu.

"Yai limemkwama," alisema. "Leteni boksi na chupa ya maji ya moto. Izungushieni taulo, asije akaungua."

Mume wangu akanyoosha mkono. "Nimminye kidogo litoke?"

"Thubutu! Yai likipasukia tumboni utamuua. Huyu anataka joto na utulivu, halafu twende naye kliniki nikamdunge sindano."

"Lakini Daktari, muuzaji alisema ni dume."

"Alijuaje? Aina hii wakiwa wachanga, midomo bado myeusi, wote wanafanana. Unasubiri wakue. Dume anatoka mashavu ya rangi ya chungwa na mistari kifuani. Ubavuni ana rangi ya kahawia yenye madoa meupe. Mdomo wake ni mwekundu, na yeye ndiye anayeimba. Hawa mashavu yao yako wapi? Wimbo uko wapi?"

Mume wangu akainama kuchungulia mashavu.

"Wote wawili ni majike," alisema daktari.

"Sasa wametagaje bila dume?" niliuliza.

"Kwani kuku hatagi bila jogoo? Yai linatoka, ila kifaranga hakuna. Na ninyi mmewahimiza! Mmewapa pamba wajenge kiota. Taa ya kushonea inawaka mpaka usiku, wao wanaona mchana haujaisha. Mayai nayo mnatupa, basi jike anataga mengine kufidia. Ganda la kila yai linachota nguvu kwenye mifupa yake. Na hizo nyuzi, siku moja zitamkata mguu." Akamgeukia mume wangu. "Baba, unamtoa roho ndege huyu kwa ubishi wako."

Siku nyingine ningepiga vigelegele. Lakini ndege alikuwa bado anajikaza, nikakimbilia boksi na maji ya moto.

Tulikwenda kliniki, mume wangu amelipakata boksi. Daktari alimdunga ndege dawa ya kumwongezea madini, akamweka kwenye joto. Tukangoja. Jioni yai likatoka. Nilimwona mume wangu anajifuta macho kwa futi yake ya kupimia.

Sasa pamba na nyuzi tumeziondoa zote. Tundu tumelihamishia chumba cha binti yetu, mbali na taa, na jua likizama tunalifunika kwa kitambaa. Maganda ya mayai ya kuku tunayachemsha, tunayakausha na kuyasaga, kisha tunawawekea kwenye kibakuli. Yai likitokea hatulitupi. Tunawaacha walilalie mpaka walichoke wenyewe, ndipo tunaliondoa. Siku hizi hawatagi. Yule mgonjwa anaruka kijiti hadi kijiti, na kelele zake zinafika mpaka kwa majirani.

Jana nilipita chumbani nikasikia sauti ya mume wangu. Ameinama mbele ya tundu.

"Nisamehe, mama," anamwambia ndege. "Nilikukosea sana."

Nikasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Ndege hata Kiswahili hajui, ameombwa radhi! Na mimi je, niliyeitwa mwizi?"

Akacheka. Mimi sikucheka hata kidogo. Nilimshika mkono nikamvuta mpaka karakanani, mbele ya wateja wawili.

"Haya, sema tena. Sasa uniambie mimi."

Alikohoa. Aliwatazama wateja, akatazama viatu vyake.

"Mke wangu," alisema, "nilikusingizia. Nisamehe."

Nikamwambia karibu chakula.