Hodi Iliyotupwa Kwenye Taka

Fundi wa kompyuta alikuwa ameshafunga begi lake Mama Kadi alipopiga simu. Kompyuta yake imekuwa bubu, alisema. Barua pepe zinaingia kimya kimya huku yeye yuko chumba cha nyuma na mashine yake ya kuchapia, na wateja wanamwona mwenye dharau. Kuna familia ilizika mtu wao bila ratiba za mazishi, maana oda yao ilikaa humo kutwa nzima bila mtu kuiona. Hilo lilimuuma kweli.

Jua lilikuwa limeshainama. Fundi alisita, kwa sababu nyumbani alikuwa na mke aliyejifungua majuzi tu. Mwanamke huyo zamani hakuogopa hata mbwa mkali, lakini tangu azae, giza likiingia hukaa na mtoto kifuani na macho mlangoni. Asubuhi ile Fundi alimwahidi kwamba angerudi mapema, na wakapatana ishara. Hatapiga hodi, maana hodi kila mtu anapiga. Atagonga kioo cha dirisha kwa funguo, mara tatu, polepole. Mke asifungue kwa kingine chochote.

Ni kazi ya kufumba na kufumbua, Fundi alijiambia. Mafundi wote husema hivyo, na ndiyo maana wake zao hula peke yao.

Duka la Mama Kadi lilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya wino. Kadi za harusi zilipangwa ukuta mmoja na ratiba za mazishi ukuta wa pili, na mteja hupita katikati akiomba asikosee upande. Mwenyewe alikuwa mjane wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi, si mtu wa kucheka ovyo. Kabla Fundi hajakaa akampa sharti moja.

"Mwanangu, niwekee kengele yoyote. Filimbi, kinanda, hata jogoo. Ila ile sauti ya zamani iache huko huko ilikotupwa."

Fundi akasema sawa, mama. Macho yake yalikuwa dirishani, yanapima mwanga uliobaki. Mama Kadi akarudi nyuma kumalizia kazi yake.

Fundi aliweka funguo zake mezani kando ya spika, akaanza. Alicheza wimbo, spika ikaimba vizuri. Sauti ya kompyuta haikuwa imezimwa wala kupunguzwa. Akafungua mipangilio ya programu ya barua, akaona kwamba mlio wa barua mpya umeruhusiwa kabisa. Tatizo likajitokeza hapo: programu ilikuwa imeagizwa kucheza faili linaloitwa "mgeni", na faili lenyewe halikuwepo. Kila barua ilipoingia programu ilikwenda kulitafuta, haikulikuta, ikarudi bila kusema neno.

Alichotakiwa kufanya ni kuchagua mlio mwingine. Lakini kompyuta ilikuwa kuukuu, na orodha ya milio ikawa inazunguka tu, inazunguka, haifunguki. Dirishani mwanga unapungua. Na lile faili lilikuwa pale pale kwenye kikapu cha taka, la kurudisha mara moja tu. Tena fundi ana kiburi chake, akitengeneza kitu hupenda kirudi kama kilivyokuwa. Mama atasikia mlio wake aliouzoea, akafikiri, na ataninung'unikia kidogo, nami nitakuwa njiani.

Akalirudisha. Akajitumia barua ya majaribio kutoka kwenye simu yake.

Kimya...

Kisha ndani ya spika mtu akavuta pumzi.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya mwanamume mtu mzima, mpole, kama aliyechoka na safari. Fundi alilelewa vizuri. Tangu utotoni, hodi ikipigwa, mdomo wake hujibu kabla kichwa hakijauliza ni nani.

"Karibu," akasema.

Huko nyuma mashine ikazimwa. Harufu ya mshumaa uliopulizwa sasa hivi ikapita usoni pake, na hapakuwa na mshumaa humo ndani. Mama Kadi akatokea mlangoni. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Umemwitikia?"

Fundi alitaka kucheka. Yule mama hakumpa nafasi.

Mama Kadi akamweleza haraka haraka, kwa sauti ya chini. Sauti ile ni ya marehemu mume wake. Lakini mume wake hakurekodi chochote maishani mwake. Kompyuta waliinunua ikiwa imetumika, ikaja na hodi yake humo humo, na siku hizo ilikuwa sauti ya bibi kizee wasiyemjua. Walikuwa wakiicheka. Mpaka jioni moja mume wake, akikata kadi, akili iko mbali, akaiitikia karibu. Kesho yake sauti ya bibi haikusikika tena. Ikawa ni ya mume.

"Huyo mgeni hakai hapa," Mama Kadi akanong'ona. "Anakwenda nyumbani kwa aliyemwitikia. Mimi jioni ile nilikuwa nyumbani. Hodi zilipigwa mara mbili mlangoni kwangu, sauti moja. Mimi nilimfungulia wa kwanza."

Fundi akamuuliza wa pili alikwenda wapi.

"Sijui, mwanangu. Alilia mpaka usiku ukaisha. Yule niliyemfungulia niliishi naye miaka, hakuwahi kula mbele yangu hata tonge moja. Nikamzika. Mpaka leo sijui nilimzika nani."

Spika ikavuta pumzi tena. Hakuna barua iliyoingia. Fundi alikuwa anaitazama skrini kwa macho yake mawili, na haikuwa na kitu kipya.

"Hodi."

Safari hii sauti ilikuwa ya Fundi mwenyewe.

"Kimbia," akasema Mama Kadi. "Ufike wa kwanza."

Akakimbia. Begi aliliacha, koti aliliacha. Njiani alimpigia mke wake simu, ikaita mpaka ikakatika, akapiga tena, ikaita tena. Ndipo akakumbuka. Asubuhi ile, kabla ya kutoka, alikuwa ameizima sauti ya simu ile kwa mkono wake mwenyewe ili isimwamshe mtoto. Humo chumbani simu ilikuwa inawaka na kuzimika bila kumwita mtu. Alimwomba Mungu amtangulie. Watu barabarani walimpisha wakidhani anafukuzwa.

Alipofika kwake mwanga ulikuwa umeisha. Taa ya chumbani inawaka, pazia limefungwa. Akaingiza mkono mfukoni atoe funguo.

Hazimo.

Akapapasa mfuko wa pili, wa nyuma, wa shati. Aliziona kwenye fikra zake pale alipoziweka, kando ya spika. Akagonga kioo kwa kucha, mara tatu, polepole. Hakuna aliyejibu. Akaenda mlangoni, akaita kwa sauti ya kubembeleza.

"Hodi. Mke wangu, ni mimi. Fungua."

Nyayo zikaja, zikasimama. Mke wake akasema kwa kunong'ona, mdomo umegusa mbao:

"Nenda zako, wewe usiyeona haya. Mume wangu yuko ndani."

Fundi akamwambia ni yeye, baba wa mtoto wake, funguo amezisahau kwa Mama Kadi, amtazame tu kidogo dirishani. Alikuwa analia na hakuona aibu.

"Funguo ziko hapa mezani," mke akasema, na sauti yake ikaanza kukatika kwa hofu. "Amegonga nazo dirishani kama tulivyopatana. Usiigize sauti yake. Nakuomba, ondoka, nina kichanga humu."

Mtoto akaanza kulia. Kisha Fundi akasikia mtu akimbembeleza humo ndani, kwa ule wimbo usio na maneno ambao yeye Fundi alijitungia mwenyewe usiku mtoto alipozaliwa. Mbembelezaji hakukosea mahali popote. Kilio kikapungua. Chini ya mlango ikatoka harufu ya mshumaa uliopulizwa sasa hivi.

"Hodi," Fundi akasema tena.

Ndani, karibu kabisa na mlango, sauti yake mwenyewe ikamjibu kwa upole.

"Karibu."

Akasubiri komeo lifunguke. Akasikia la pili likifungwa.