Kelele za Karakana ya Aziz

Osward ndiye aliyefungua mlango wa chumba cha kupulizia rangi akamkuta mwenzake Yonasi amelala kifudifudi kando ya kichwa cha lori kilichokuwa nusu bluu, nusu kutu. Bunduki ya kupulizia rangi ilikuwa bado mkononi. Osward akamburuta nje, akammwagia maji, akamtikisa. Wapi! Yonasi alikuwa ameshakufa.

Sajini Mwanamvita alifika saa saba mchana katika karakana hiyo, jirani na foleni ya malori ya mpakani Tunduma, akakuta kesi imeshahukumiwa. Watu bwana! Maiti haijapoa, muuaji wanaye. Madereva na matingo walikuwa wameizingira gesti ya Nesta, iliyopakana ukuta na karakana, wanataka kuitia moto na mwenyewe akiwa ndani.

"Ni yule mama," alisema Aziz, mwenye karakana, jasho likimtoka. "Bomba la feni ya kutolea hewa chafu linatokezea uani kwake. Kalijaza sponji! Sumu yote ikamrudia kijana wangu. Kila mtu hapa amemsikia akiapa ataliziba."

Mwanamvita akaweka askari wawili mlangoni mwa gesti. Hakuwa na wengine. Akaingia ndani.

"Niliapa, ndiyo!" Nesta alifoka kabla hajaulizwa. "Kompresa inanguruma, feni inavuma, wageni wangu hawalali. Nikaenda halmashauri kushtaki. Mtu anayetaka kuziba bomba kwa siri anaanzia halmashauri?"

"Sponji iliyokutwa ni ya godoro. Wewe una magodoro."

"Tunduma nzima inalalia magodoro, afande! Yule Yonasi alikuwa anakula kwangu kila siku. Nimuue, nile na nani?" Jiwe likapiga bati juu yao. Nesta akashtuka, sauti ikamshuka. "Giza likiingia hawa wananichoma. Wewe unajua."

Mwanamvita alijua. Na alijua askari wawili hawazuii umati ule.

Akarudi karakana. Aziz akamwonyesha chumba cha kupulizia rangi kwa majivuno, eti hata siku ya msiba mtu anajisifu! Halmashauri ilimwambia apunguze kelele au afunge kazi. Basi akajenga kuta mbilimbili za mbao, katikati akashindilia sponji, mlango akauzungushia mpira. Komeo liko nje, ukilikaza mpira unabana, sauti haipenyi.

"Leo asubuhi afisa wa halmashauri kaja na kipimo chake cha kelele, kasimama palepale uani kwa Nesta. Kimya! Kanipongeza."

"Na feni ilikuwa inazunguka?"

"Tangu asubuhi. Hata sasa inazunguka, ila ufundi wangu umeinyamazisha. Tatizo ni ile sponji ya yule mama."

Mwanamvita akaingia chumbani, kitambaa puani. Harufu ya tina, ile dawa ya kuzimulia rangi, ilikata koo. Kopo lake lilikuwa wazi sakafuni. Vumbi la rangi ya bluu lilikuwa limetua kila mahali, juu ya rafu, juu ya waya, mpaka viatu vyake vikageuka rangi. Akaugeukia mlango kwa ndani. Bati lake lilikuwa limebonyea sehemu nyingi, usawa wa kifua. Akaitazama bunduki ya rangi. Kitako chake kilikuwa kimepinda.

"Alikuwa anagonga," alisema. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakamwaka.

Osward akajishika kichwa. "Nilikuwa hapo nje nakwangua kutu, afande. Hatua chache tu. Sikusikia kitu, naapa!"

"Nani alikaza komeo?"

"Mimi. Bosi aliniambia nikaze, afisa anakuja."

"Nasikia mligombania kazi ya lori hili."

"Tuligombana, tukapatana. Mdogo wangu kamuoa dada yake. Nimfanye dada wa watu awe na msiba kwa ajili ya lori?"

Kwenye rafu palikuwa na pakiti mbili tupu za maziwa. Mwanamvita akaziinua.

"Haya ya nini?"

"Sisi wapiga rangi lazima tunywe maziwa, yanaosha sumu kifuani," Osward alijibu, kama anayeeleza kwamba jua huchomoza. "Bosi hutupa pakiti moja kila mtu, tukimaliza kazi."

"Hizi ni mbili. Na kazi haijaisha."

Osward akaziangalia pakiti. "Leo bosi mwenyewe alimpa Yonasi asubuhi, kabla hajaingia."

Mwanamvita akatoka, akazunguka hadi uani kwa Nesta. Akaichomoa sponji bombani, akaigeuza huku na huku. Kisha akaingiza mkono bombani, akautuliza humo kitambo. Akarudi mbele ya umati na sponji kwapani, akamwita Aziz.

"Sponji nimeitoa. Feni umesema inazunguka. Basi chumba ni salama. Ingia, Osward akukazie komeo, upulizie rangi kama Yonasi."

Aziz akacheka kidogo. Hakuna aliyecheka naye.

"Ingia!"

"Ngoja kwanza nikawashe fe—" Akakatiza. Alishachelewa.

"Ukawashe nini? Si inazunguka tangu asubuhi?" Mwanamvita akaikunjua sponji, akaiinua juu waione wote. "Mnaona bluu hapa? Feni ingekuwa inavuta, na sponji hii iko bombani, ingelowa rangi. Ni safi! Imetiwa humo Yonasi akiwa maiti. Na mkono wangu haukuguswa na upepo hata kidogo. Feni hiyo leo haijazunguka."

"Wallahi sikukusudia!" Aziz aliporomoka magotini. "Kuta zilizuia kompresa, lakini feni ilikuwa bado inavuma bombani. Nikaizima, kwa muda mfupi tu, afisa apime aondoke. Alitaka kupima kazi ikiendelea. Yonasi nilimwambia, akakubali. Nikampa maziwa mara mbili! Kisha afisa akataka chai, mazungumzo yakanoga, nikasahau."

"Ulijua ni sumu, ndiyo maana ukampa mara mbili. Na sponji?"

"Wangenifungia karakana... Watu walipomzunguka maiti, niliruka ukuta."

"Ukaona bora mama wa watu achomwe moto. Mshenzi wewe!" Mwanamvita alimtia pingu. "Mtu amegonga mpaka chuma kimepinda, wewe unakunywa chai!"

Askari wakamtia Aziz garini. Umati ukabaki umesimama, kila mmoja akitazama viatu vyake. Nesta akafungua mlango, akawatazama mmoja mmoja. Wengi aliwajua, walikuwa wamelala kwake usiku uliopita, na asubuhi amewapikia chapati. Akarudi ndani. Begi la kwanza likatua vumbini, likafuata la pili, kisha blanketi na kandambili.

"Mama, tusamehe," dereva mmoja alisema. "Tulidanganywa. Foleni haisogei, usiku huu tutalala wapi?"

"Kalaleni chumbani kwa Aziz," Nesta alisema. "Mle hakuna kelele." Akafunga mlango.